Sura ya Nne: Risasi Nzito kwa Pori la Karibu

Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, mizigoni mwake mlikuwa na magobore 24 ya jiwe, bastola, bunduki moja ya tembo, na bunduki mbili za Kimarekani ambazo si wengi katika njia ya misafara waliopata kuona mfano wake. Moja ilikuwa Henry, nyingine Winchester. Zote mbili zilikuwa bunduki za wenzo. Chini ya kifyatulio pana pete ndefu ya chuma ambamo vidole vinaingia. Ukiisukuma chini na mbele, ganda tupu linaruka nje. Ukiirudisha, risasi mpya inapanda kutoka kwenye bomba lililolala chini ya mtutu, na bunduki iko tayari. Kazi hiyo humalizika kabla mwenye gobore hajafungua pembe yake ya baruti.

Hata kabla msafara haujaachana vizuri na pwani, kwenye kivuko cha mto Kingani, ambao ndio Ruvu, Stanley aliwakuta viboko wamejaa majini akaamua kuijaribu Winchester yake. Kipenyo chake kilikuwa .44 ya inchi, karibu milimita 11. Kwa shabaha haikuwa na kasoro: mwenyewe ameandika kwamba alipiga mara kumi mfululizo utosini, katikati ya masikio. Lakini hakuua. Kiboko mmoja mzee, aliyepigwa karibu na sikio la kulia, aligeuza tu kichwa akamtazama. Ndipo Stanley akashika bunduki ya namba 12, yenye mtutu laini usio na mifuo, akamtupia risasi ya wakia moja na robo, yaani gramu 35. Yule yule mzee akanguruma kwa maumivu, na punde akaibuka akigaagaa kufa.

Msafara uliingia Unyanyembe, yaani eneo la Tabora ya leo, mwezi Juni mwaka huo. Stanley akapewa tembe Kwihara, mahali ambapo mtu wa Isevya, hapa Tabora mjini, anafika kwa miguu asubuhi na kurudi kabla ya adhuhuri, na ambapo leo pana makumbusho yenye jina la Livingstone. Winchester ile ilipita humo. Kila mwindaji wa Tabora anayefikiria kutumia bunduki ya wenzo porini anapaswa kulijua tukio la Kingani, kwa kuwa swali lake na la Stanley ni moja: nikiwa karibu na mnyama, risasi gani itamwangusha haraka, bila kumtesa na bila kuiharibu nyama?

Kwanza tuitazame risasi yenyewe. Ina sehemu nne: ganda, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Risasi ya Winchester ile ilikuwa na kichwa cha gramu 13 hivi, ikitoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde. Nguvu yake haikufika juli 800. Kwa binadamu inatosha na kupita. Kwa fuvu la kiboko ni bure, na hata kwa mnyama mkubwa wa porini ni kumjeruhi tu. Bunduki ilikuwa ya kisasa kuliko zote, risasi yake ilikuwa dhaifu kuliko zote. Wanunuzi wengi wa silaha hujisahau hapo hapo: wanasifu mtambo, wanasifu mbao za kitako, wanasahau kuuliza gramu na kasi.

Uzito nao haufanyi kazi peke yake. Januari 1872 Stanley na Livingstone walikuwa wakisafiri pamoja kutoka Ujiji kurudi Unyanyembe, wakipita mapori ya magharibi ambayo hata leo ni miombo mitupu. Stanley alimpiga twiga kwa bunduki nzito, twiga akaenda zake. Livingstone, aliyekuwa amekaa katika pori la Afrika kwa miaka mingi, alimwambia kwamba risasi ya plumbi tupu ni laini mno kwa ngozi nene kama ile, inabonyea kabla ya kupenya. Akamshauri ayeyushe vyombo vyake vya maji vya zinki, achanganye na plumbi ili risasi iwe ngumu. Stanley akafanya hivyo, na twiga aliyefuata alianguka. Alimpima kutoka kwato hadi utosini akapata futi 16 na inchi 9, zaidi ya mita 5. (Siku hizi twiga ni mnyama wa taifa letu na hawindwi. Nasimulia kwa sababu ya risasi, si kwa sababu ya twiga.) Bunduki ni ile ile, mwindaji ni yule yule, pori ni lile lile. Kilichobadilika ni kichwa cha risasi.

Wanyamwezi walikuwa na elimu yao ya jambo hili. Wayege, chama cha wawindaji wa tembo, walikuwa mabingwa wa kumsogelea mnyama kabla Mzungu wa kwanza hajafika, na gobore lilipowafikia kwa njia ya biashara ya Unguja lilikuta desturi ya kukaribia imekwisha kukomaa. Gobore linataka ukaribu. Mtutu wake ni laini, gololi yake hailingani sawasawa na mtutu, na kupita hatua 50 hujui itatua wapi. Lakini gololi ni nzito, na kwa mtu aliyeweza kufika karibu, ilitosha.

Kwa nini gobore limedumu huku kwetu wakati Ulaya na Marekani liliachwa tangu karne ya 19? Haikuwa kwa sababu watu wetu waliipenda teknolojia ya zamani. Watemi Mirambo na Isike walitafuta bunduki bora kwa kila njia waliyoweza. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta, ukaacha mlango kwa bunduki za jiwe zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Tabora iko ndani kabisa ya eneo hilo. Miaka miwili na nusu baadaye, Januari 1893, Mjerumani Tom von Prince alipoivunja ngome ya Isike, mtemi huyo aliichagua baruti yake mwenyewe na kujilipua kuliko kushikwa. Naamini mkataba ule ulilifanyia pori letu ubaya ambao haujahesabiwa: vizazi vya wawindaji vilifungiwa kwenye silaha inayojeruhi wengi kuliko inaowaangusha. Mpaka leo mafundi wa vijijini wanatengeneza magobore kwa mabomba ya maji na kuyashindilia vipande vya nondo. Mnyama anayepigwa kwa kitu hicho anaweza kutembea siku mbili na utumbo umetoboka.

Sasa tuje kwenye risasi za wenzo zenyewe, na mtu wa Tabora asidhani kwamba tunazungumza mambo ya ugenini. Mwaka 1873 jeshi la Marekani lilianza kutumia risasi iliyoitwa .45-70. Namba ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni kiasi cha baruti nyeusi kwa greni, na greni 15 na nusu hivi ndiyo gramu moja. Kichwa chake cha kwanza kilikuwa na gramu 26, kasi yake mita 400 na kidogo kwa sekunde. Baadaye ikatiwa katika bunduki za wenzo na bado inatengenezwa. Askari wa Kijerumani huku kwetu walibeba Mauser ya mwaka 1871, kipenyo milimita 11, kichwa cha gramu 25, kasi mita 440 hivi. Ni mapacha. Kombania nyingi za askari zilikuwa bado na Mauser hiyo vita ilipoanza mwaka 1914, na moshi wake mzito uliwafichua kila walipofyatua. Wabelgiji walipoingia Tabora Septemba 19, 1916, babu zetu walikuwa wamekwisha kuiona na kuisikia risasi ya namna ya .45-70 kwa zaidi ya miaka 20.

Moshi huo ndio ulioleta hatua iliyofuata. Baruti isiyo na moshi ina nguvu nyingi kwa kiasi kidogo, ikaruhusu kichwa chembamba kirushwe kwa kasi kubwa. Winchester walitoa bunduki yao ya mwaka 1894, na mwaka 1895 wakaitolea risasi ya .30-30: kipenyo .30, greni 30 za baruti mpya. Marekani imewindia kulungu kwa risasi hiyo hadi leo, hasa wale wenye mkia mweupe wanaojificha vichakani na kuonekana kwa mita 50 au 80 tu. Kichwa cha gramu 11 kinatoka kwa mita 670 kwa sekunde, karibu juli 2,500. Ni mara tatu ya Winchester ya Stanley, kwa kichwa chepesi zaidi.

Kulungu wa jamii ile hawapo katika mapori ya Afrika Mashariki. Sisi tuna jamii ya swala, na anayefanana naye zaidi kwa tabia ni pongo, ambaye wengi humwita mbawala. Dume lake lina kilo 40 hadi 60 hivi, linapenda kingo za vichaka na mito, linatoka alfajiri na jioni, na likishtuka linaganda kwanza kabla ya kukimbia. Tohe anakaa kwenye mbuga za nyasi ndefu, na nsya ni mdogo kuliko wote hao. Ukitoka Isevya ukaenda kusini au magharibi, miombo inakufunga. Miti si minene, lakini ipo kila upande, na nyasi zisipochomwa zinafika kifuani. Mwezi wa Julai, msimu unapofunguliwa, nyasi bado zimesimama. Oktoba zimeungua, unaona mbali zaidi, na mnyama naye anakuona. Pori hili halikupi mita 300. Linakupa mita 40, mara nyingine 70, ukiwa na bahati 100, na linakupa kwa muda wa kuvuta pumzi mbili.

Kwa hiyo bunduki ndefu zenye darubini kubwa na risasi zinazoruka mita 900 kwa sekunde zinabeba uwezo ambao miombo haiutumii. Na zina gharama. Kichwa laini kinachompiga pongo kwa kasi hiyo akiwa mita 40 kinapasuka vibaya. Bega zima linajaa damu na vipande vya mfupa, na nusu ya nyama ya mbele inatupwa. Nimeona mabega ya namna hiyo yakikatwa na kuachiwa fisi, na inaniuma, kwa sababu aliyelipia kibali amelipia mnyama mzima. Risasi ya mwendo wa kadiri inatoboa tundu, inavuruga mapafu, inatoka upande wa pili, na nyama inabaki safi hadi karibu na jeraha.

Katika familia ya wenzo, .30-30 ndiyo kipimo cha zingine zote. .35 Remington, iliyotoka mwaka 1906, ina kichwa cha gramu 13 kwa mita 630 hivi kwa sekunde. Nguvu ni karibu ile ile lakini tundu ni pana zaidi na damu inamwagika mapema. Wanaoipenda wana haki ya kuipenda, ila risasi zake ni adimu hata huko ilikozaliwa, na bunduki ambayo huwezi kuitafutia risasi ni fimbo. .44 Magnum ilizaliwa ya bastola mwaka 1955. Ikipigwa kwenye mtutu mrefu wa bunduki ya wenzo inarusha gramu 15 na nusu kwa mita 530 hivi. Kwa nsya na pongo walio ndani ya mita 70 inatosha kabisa, na haisukumi bega. Kupita hapo inaanguka haraka, na asiyejua kukadiria umbali ataivunja miguu ya mnyama badala ya kuupata moyo.

.45-70 ya leo, katika bunduki imara, inaweza kupakiwa baruti ya nguvu zaidi kuliko ya mwaka 1873. Ni risasi ya ngiri dume, kongoni, hata pofu akiwa karibu. Inasukuma bega kwelikweli, na mwindaji mwembamba akiipiga mara tano kwenye kulenga shabaha ataanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Hilo ni tatizo kubwa kuliko tatizo lolote la gramu. Kwa pongo ni nzito kupita haja.

Halafu kuna .405 ya mwaka 1904, iliyotengenezewa Winchester ya mwaka 1895. Bunduki hiyo haina bomba chini ya mtutu, ina kisanduku cha risasi mbele ya kifyatulio. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909 akiwa na bunduki hiyo, na katika nyanda za Kenya akawapigia simba wake, akaisifu kama dawa ya simba. Kichwa chake kina gramu 19 na nusu, sawa kabisa na kichwa cha kawaida cha .375 iliyokuja mwaka 1912, ila .375 inakwenda mita 100 kwa sekunde zaidi na kichwa chake kirefu chembamba kinapenya ndani zaidi. Ndiyo maana .375 ndiyo iliyobaki kuwa kiwango cha chini kwa nyati na wenzake hapa Tanzania. .30-30 isipelekwe kwa nyati kwa hali yoyote. Sheria inakataza, na nyati mwenyewe atakataza vibaya zaidi.

Umbo la kichwa ni jambo ambalo wenye bunduki za bomba lazima walishike. Risasi zinapangana ndani ya bomba, ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Ukiweka vichwa vyenye ncha kali, mshtuko wa kufyatua unaweza kuifanya ncha iipige fataki, na bomba likalipuka chini ya mkono wako wa kushoto. Kwa hiyo vichwa vya .30-30 ni butu mbele. Ubutu unaipunguzia risasi mbio angani, lakini ndani ya mita 100 hasara hiyo ni ndogo, na mnyamani ubutu ni faida kwa kuwa unaanza kufanya kazi tangu ngozini. Miaka ya 2000 kampuni ya Hornady ilitoa vichwa vyenye ncha ya mpira laini vinavyoweza kukaa ndani ya bomba kwa usalama. Ni vizuri kwa anayewinda uwanda. Kwa miombo sioni sababu ya kuvilipia.

Kuna imani ambayo nimeikuta kwa wawindaji wengi, wa hapa na wa ng'ambo, kwamba risasi nzito na ya polepole inapasua vichaka na kwenda moja kwa moja, wakati risasi nyepesi inapotoshwa na kijiti. Si kweli. Majaribio yamefanywa mara nyingi kwa vijiti na mbao, na kila risasi inayogonga kijiti inapinda, nzito kwa nyepesi. Tofauti kati yake haitoshi mtu kuitegemea. Kijiti kikiwa karibu na mnyama, upotofu ni mdogo. Kikiwa karibu na mtutu, hujui utampiga wapi. Imani hii imewajeruhi pongo wengi kuliko ukungu wa macho, maana inampa mwindaji ruhusa ya kufyatua wakati hakupaswa. Faida halisi ya bunduki ya wenzo vichakani ni nyingine: ni fupi, ni bapa, inaning'inia vizuri mkononi, haikwami kwenye matawi, na inakuja begani haraka.

Risasi ya pili nayo ina thamani yake, ingawa si kwa kupiga ovyo. Pongo dume aliyejeruhiwa ana sifa mbaya. Hujilaza kichakani akimngoja anayefuata damu yake, na pembe zake zimewahi kuwatoboa watu na mbwa. Wenzo unakupa risasi ya pili bila kuondoa bunduki begani. Na kwa Waislamu, ambao Isevya na Tabora mjini ni wengi, kuna haja nyingine. Mnyama akifikiwa angali hai lazima achinjwe, kwa hiyo mwindaji anataka aanguke karibu na aonekane alipoangukia. Pongo aliyekimbia kilomita moja ndani ya nyasi akafa peke yake ni hasara kwa kila mtu.

Mahali pa kupiga ni pale pale kwa risasi zote: nyuma ya mguu wa mbele, theluthi moja ya kifua kutoka chini, mnyama akiwa amesimama ubavu. Akikuelekezea matako, shusha bunduki.

Mapori ya kuwindia yamepungua. Pori la Akiba la Ugalla, ambalo watu wa Tabora walilizoea kwa uwindaji wa vibali, sehemu yake kubwa imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla tangu 2019, na huko hakuna bunduki tena. Yaliyobaki yanahitaji wawindaji wachache, wenye leseni ya silaha kutoka polisi na kibali cha TAWA, mamlaka ya wanyamapori, wanaoua walichokilenga.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kwa nsya, pongo na tohe katika miombo ya Tabora, chukua .30-30 yenye kichwa butu cha gramu 11, ilenge iwe sawa mita 75, na usifyatue kupita mita 120. Kama unawinda kongoni na ngiri wakubwa na bega lako linahimili, .45-70 itakufaa zaidi. Kabla ya kuinunua yoyote kati ya hizo, uliza kwanza kama duka lina risasi zake na litakuwa nazo mwakani, kisha peleka risasi 40 kwenye uwanja wa shabaha kabla ya kupeleka hata moja porini.